Mama Mkasi na Ziwa Kavu

Mama Mkasi ndiye msimamizi wetu sisi watunza bustani. Anaitwa hivyo kwa sababu mkasi wa kupogolea hautoki mfukoni mwa aproni yake, hata akienda kula. Ana maneno makali, lakini mimi nikimtaja husema Mungu ampe afya.

Nilipoanza kazi sikuweza kumtazama mtu usoni. Hakuniuliza cheti. Alinishika mkono, akachomeka kidole changu kwenye udongo wa chungu. "Ukikuta pakavu mpaka pingili ya pili, mwagia. Usingoje kuambiwa, baba." Miaka kumi na moja nimefanya hivyo kila asubuhi.

Mwaka jana wasanii waliletwa kuonyesha kazi zao kati ya miti yetu. Mmoja wao, binti mwenye miwani, alitandaza udongo nyuma ya banda la miche, akauacha upasuke kwa jua. Ulikuwa mfano wa ziwa la kwao, lililokauka yeye akiwa mtoto. Nyufa ndizo zilikuwa kazi yenyewe. Siku wenzangu walipoelezwa hayo, mimi nilikuwa nimempeleka mke wangu kliniki. Niliporudi, nikachomeka kidole. Pakavu kabisa! Nikamwagia. Siku nne mfululizo nilimwagia, tena kwa huruma.

Siku ya tano, zikiwa zimebaki siku mbili wageni waje, yule binti alikuta matope laini na majani yameanza kuchipua. Alikaa chini akalia. Meneja akaja mbio.

"Nani kafanya hivi? Leo mtu anaondoka hapa!"

Nina watoto watatu, na kazi nyingine siijui. Mama Mkasi aliutazama mpira wa maji mkononi mwangu.

"Mambo ya kidole nimewafundisha mimi, meneja," alisema. "Ukimfukuza huyu, na mimi nafunga virago."

"Mama, usinitishe."

"Sikutishi, mwanangu. Nakuuliza tu, jembe unajua kulishika?"

Meneja akakohoa. "Wageni wakikuta matope, mtaondoka wote wawili."

Mama Mkasi akamgeukia binti. "Futa machozi. Udongo wako ulikuwa mnene, ndiyo maana ulikuwa unapasuka kwa kusuasua. Bwawa la mayungiyungi tumelitoa maji juzi. Tope la chini yake, ukilitandaza jembamba, jua la siku moja na nusu linatosha."

Tukakwangua, tukabeba kwa toroli, tukatandaza. Karibu na magharibi nilimwomba binti msamaha.

"Kaka, sema kwa sauti, unaongea kama mbu."

Nikarudia. Akacheka kidogo. "Ziwa letu lingekuwa na mtu kama wewe, leo nisingekuwa na cha kutengeneza."

Kesho yake saa nane mchana ufa wa kwanza ulitokea, mwembamba kama unywele. Jioni zilikuwa hazihesabiki. Wageni walipokuja waliinama kuzitazama, wengine walipiga magoti kabisa. Meneja alipita nyuma yangu akasema, "Jumatatu uwahi, kuna miche inashushwa."

Nilimfuata Mama Mkasi stoo nimshukuru. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, ila nilipofika nikapata moja tu. "Asante, mama."

"Asante peleka kwa mgongo wangu," alisema, akaninyooshea mguu. "Hebu nivute hili buti, limeganda."

Nikalivuta.