Wati Mia Tatu na Kumi

Ilikuwa Jumamosi, siku ya posho, saa nne tu ya asubuhi, na Rémy alikuwa amekwisha kuchoka kutukana. Mezani palikuwa na prizi nyeupe iliyopasuliwa tumbo, kompyuta ambayo betri yake ilikufa zamani, na chuma cha kuchomea kinachopoa kila umeme unapoyumba. Na umeme wa avenyu yao, huko Kikula, kuran kama wenyewe wanavyouita, unayumba tangu lini? Tangu nguzo zisimamishwe!

Kisa kilianza na frigo ya mkewe, Christiane. Ndiyo iliyowalisha: humo aligandisha tomsoni, samaki aliowauza hapo mlangoni. Lakini majirani, nyumba kumi na moja kwenye waya mmoja, walinung'unika kwamba frigo ile inawanyonya umeme jioni. Wakapatana: mbali na resho, majiko ya umeme ya kila nyumba, chombo chochote kinachokula zaidi ya wati mia mbili kitoke kwenye waya. Papa Blaise, mkubwa wa avenyu, akamwambia Rémy alete namba Jumapili, baada ya ibada.

"Nitaileta," Rémy akajibu kwa kifua. Si yeye ni fundi wa simu?

Akanunua prizi ya kupimia. Unaichomeka ukutani, unachomeka chombo juu yake, nayo inakwambia kinakula wati ngapi. Hayo ni maneno ya muuzaji. Prizi yenyewe ilikataa kusema lolote mpaka mtu ajiandikishe kwa simu, na katika orodha yake ya nchi, Kongo haikuwemo. Kongo nzima! Rémy akaapa kuitoa akili ya kiwandani na kuitia nyingine, ya bure, isiyomuuliza mtu kwao ni wapi.

Basi akajipalia makaa. Mara ya kwanza alichanganya nyaya mbili, kompyuta isione kitu. Mara ya pili umeme ukakatika katikati, kompyuta ikazima puu. Mara ya tatu kazi ilifika asilimia tisini, ukakatika tena, Rémy akapiga meza hata vikombe vikaruka. Mara ya nne ikakubali, saa kumi na mbili jioni, wakati kila nyumba imewasha resho ya kupikia bukari, ugali wao.

Kilichobaki ni kuifundisha kupima. Unachomeka kitu unachojua nguvu yake, unaiandikia, nayo inashika. Akachukua pasi. Chini yake paliandikwa volti 220, wati 1000. Akaanza kuandika hivyohivyo.

"Papa Julie," Christiane akamwita kwa jina la binti yao, akitazama balbu juu yao, "hii taa iko nyekundu sana. Kuran iko kidogo. Na weye unaandika 220?"

"Mama Julie, acha minye nitumike! Haiko imeandikwa hapa pa pasi?"

Kipima-volti kilikuwa mfukoni mwa begi la Rémy, hatua mbili tu. Hakukigusa. Siku nzima ilikuwa imemtafuna, alitaka namba yoyote imalize jambo.

Akachomeka frigo. Wati 310. Akafikicha macho, akachomeka upya. 310.

Angeweza kudanganya, nani angemkagua? Lakini Rémy si mtu wa hivyo. Jumapili akasimama mbele ya majirani, akasema mia tatu na kumi. Mama Josée, jirani ambaye resho yake haipoi kuanzia jioni mpaka chakula kiive, ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

"Namba ni yako weye mwenyewe," Papa Blaise akasema.

Frigo ikatolewa kwenye waya mchana uleule. Samaki wakaanza kulegea, Christiane akawauza kwa bei ya kutupa. Mama Josée alibeba beseni zima.

Jumatatu jioni Rémy alikuwa anapima chaja ya mteja. Akaingiza kipima-volti ukutani. Mia moja na hamsini, na taa ilikuwa nyekundu vilevile kama Jumamosi. Lo! Kwa volti hizo pasi ile haifikishi hata wati mia tano, naye alikuwa ameiambia prizi ni elfu moja. Akapiga hesabu upya. Frigo ilikuwa inakula mia na arobaini na tano. Tu!

Akakimbia kwa Papa Blaise bila hata kuvaa viatu vizuri. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Jana mia tatu, leo mia moja," akasema. "Kesho itakula ngapi? Enda kulala, papa."

Akarudi nyumbani na hasira, na mtu wa kumkasirikia hakumwona ila yeye mwenyewe. Akaifundisha prizi upya, safari hii kwa volti za kweli. Christiane alikuwa amepiga magoti mbele ya frigo, anapanga ndani yake nguo za Julie zilizokunjwa. Harufu ya tomsoni ya kukaanga ilikuwa inatoka kwa Mama Josée.

"Ile prizi inasema nini sasa?" Christiane akauliza bila kugeuka.

"Sasa inasema kweli."

Christiane akafunga mlango wa frigo.

"Taa ilisema kweli tangu siku ya posho," akasema.