Nusu Karatasi na Glasi ya Choya

Nakumbuka siku moja, Jumamosi asubuhi, nimesimama mbele ya watu wazima wa Ihumwa katika ukumbi wa kanisa, nusu karatasi iko mfukoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, Mwanangu, maduka ya soko la Majengo yalipoanza kujaa vitu tulivyokwisha kuvisahau. Mimi nilikuwa msichana aliyeishia darasa la saba, na yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe. Kamati ya elimu ya watu wazima ilitafuta mtu wa kufundisha sayansi. Nikifaulu somo la majaribio, darasa ni langu. Nikishindwa, narudi Kongwa kubangua karanga za baba.

Karatasi ile niliipata sokoni, nimefungiwa karanga. Ilitoka kwenye jarida, imechanika katikati. Ilisema kwamba bahari hunywa hewa ukaa, ile hewa isiyoonekana inayotoka kwenye moto, kwenye injini, hata kwenye pumzi zetu, nayo ikizidi angani dunia hupata joto. Hapo maneno yakakatika. Nakiri kwako: nilikuwa mtu wa kuogopa kukosea hata nukta. Niliikariri nusu ile mpaka nikawa naiota.

Nikaisoma kwa kichwa bila kuteleza. Ndipo mwenyekiti wa kamati, Mzee Chilongani, aliyestaafu kazi ya kupungia treni bendera, akainua mkono.

"Binti, hata injini ya treni, ukiitwisha mzigo kila siku, hulalamika. Hiyo bahari yako hailalamiki?"

Sikujua. Lakini neno "sijui" niliona aibu kulitamka. Nikasema, "Bahari haina mwisho, mzee. Haiwezi kushindwa."

"Umeipima?"

Ukumbi ukacheka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa sentensi moja. Kwa huruma wakanipa wiki nyingine.

Aliyenifuata nje ni Mama Nyemo, muuza magadi na choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, pale Majengo, naye mwanafunzi katika kundi lile. Hakunipangusa machozi. Aliniambia, "Mwanangu, nusu umesoma, nusu umejitungia. Mimi nikikuuzia magadi yenye mchanga si utanirudishia usoni? Ungesema hujui, tungekaa tukatafuta pamoja."

Jumatatu nilikuwa kwenye meza yake. Nusu ya pili ya karatasi hatukuipata, pengine ilishafungiwa karanga za mtu mwingine. Lakini Mama Nyemo alinionyesha jambo wanalolijua wauza choya wote: maji mekundu ya choya yakiguswa na magadi hugeuka bluu, na yakitiwa limau hurudia wekundu. Yaani choya hukuambia maji yameelekea wapi, kwenye magadi au kwenye uchachu. Nikawaza, kama maji hunywa hewa ukaa, basi nikiyapulizia pumzi choya itasema kama yanachachuka.

Nilichuma bua la jani la papai, lile lenye tundu, nikapuliza ndani ya glasi ya choya yenye magadi. Hakuna kitu. Nikapuliza mpaka kizunguzungu. Siku tatu, Mwanangu! Nilitaka bluu iliyokolea, ipendeze macho ya kamati, kwa hiyo kila niliposhindwa niliongeza magadi. Alhamisi nikasuuza glasi kwa hasira, ndani yakabaki maji yenye bluu hafifu ya kuonea aibu. Nikayapulizia kwa kukata tamaa tu. Yakageuka zambarau, kisha yakaanza kuwa mekundu.

Mama Nyemo akaniangalia. "Ulikuwa unayavisha magadi kama koti. Pumzi ingepita wapi?"

Jumamosi ya pili sikukariri kitu. Nilimpa Mzee Chilongani glasi na bua, nikamwomba apulize yeye. Akavuta pumzi kama anaita treni ya mizigo, akapuliza. Watu walisimama. Bluu ikawa zambarau, zambarau ikaingia wekundu, na mzee akabaki ameshika glasi, ndevu zimelowa, anacheka kama mtoto.

Nikasema, "Mzee, bahari hulalamika hivi. Inatusaidia kwa kunywa hewa ukaa, lakini kila inapokunywa maji yake yanasogea kidogo kuelekea uchachu. Nayo ina chumvi zake za kulizuia hilo, kama magadi yangu mengi, ila hazikuwekwa ili tuzimalize."

Mama mmoja akauliza: na bahari ikipata joto, inakunywa zaidi au inapunguza? Nikasema, "Sijui, mama. Nani hapa anaweza kutusaidia?"

Hakuna aliyecheka. Mama Nyemo akajibu kutoka nyuma, "Kamwulize muuza soda wa stesheni. Ya baridi hutulia. Iliyokaa juani ukiifungua, gesi yote inamkimbilia aliyevaa nguo nyeupe."

Hapo ukumbi ukavunjika kwa kicheko, na mimi nikacheka nao, kwa sababu gesi ya soda ndiyo hewa ukaa ileile. Maji yakipata joto huishika kwa uchache. Dunia inavyozidi joto, msaidizi wetu naye anapungukiwa nguvu. Tulilijua hilo sote kwa pamoja, katika sehemu kavu iliyo mbali na bahari. Miaka baadaye nilipata kitabu kizima kuhusu bahari. Kilituunga mkono, kikaongeza kwamba uchachu huo huwatesa kombe na konokono wa baharini katika kujenga magamba yao.

Mzee Chilongani hakuita kikao. Alinikabidhi ufunguo wa ukumbi palepale, na baba akabangua karanga zake mwenyewe.

Basi, Mwanangu unayetetemeka mbele ya watu, sikia. Usitafute rangi iliyokolea. Ukweli mara nyingi huanza kuonekana ukiwa hafifu. Ukiishia nusu ya karatasi, sema hapa ndipo ilipochanika, maana kuuliza si ujinga. Na mwenye kukubebea mzigo kimya kimya, awe bahari au mama yako, usidhani hachoki. Mpunguzie.

Mungu akupe pumzi ndefu na glasi safi, na watu wa kucheka nao siku utakaposema hujui.