Hesabu za Shamba la Kahawa

Nikitaja Thika, watu hudhani nitasimulia habari za mananasi au maporomoko ya maji. Mimi hukumbuka chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye meza ndefu iliyonuka mafuta ya taa. Humo ndimo walimu sita tulimokalishwa ili tuibadilishe silabasi ya hesabu ya shule za wilaya. Nilikuwa mwalimu mchanga, nimetoka sekondari juzi tu, na nadhani nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Tangu hapo nimefundisha Voi, Kitale, Tanga, na kwingine ambako sikukaa hata nikaona mvua mbili. Hakuna nilikotoka na jambo linalonikereketa kama pale.

Vitabu vya zamani vilijaa treni mbili zinazokutana njiani, na mabirika yanayojazwa kwa bomba moja huku yakivuja kwa bomba la pili. Mwalimu wa Ruiru alizichukia hesabu hizo. Alikuwa mtu wa magharibi, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alifundisha darasa la nne katika shule ya shamba la kahawa, na mkewe alikuwa mchumaji katika shamba hilohilo. Shule iliishia hapo, darasa la nne. Aliyetaka kuendelea ilibidi aende bweni, mbali, na nafasi hizo zilikuwa za wavulana wachache. Binti yake wa kwanza alikuwa katika darasa lake, na mwaka ulikuwa ukiyoyoma. Kila aliyeketi pale mezani alijua alichokitaka: darasa la tano palepale shambani, kabla binti hajakabidhiwa kikapu.

"Mtoto wa Ruiru ana habari gani na birika?" alituuliza. "Tumwulize kahawa. Tumwulize debe. Atakujibu kabla hujafunga mdomo."

Mwalimu mkuu mmoja wa Thika, mkubwa wetu kwa umri, aliguna. "Atiriri! Wanashinda kwenye kahawa, Jumamosi kwenye kahawa, sasa na kitabuni kahawa? Si uwafungulie kiwanda kabisa?"

"Nikifungua, mzee, wewe nitakuandika karani wa mizani. Tumbo la kazi hiyo unalo."

Tulicheka, na mzee mwenyewe akalipapasa tumbo lake. Bwana wa elimu, Mzungu mwembamba aliyependa kuchonga penseli wengine wakizungumza, alingoja tunyamaze. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha mashambani, "Mimi nataka jaribu kwa shule yako, mwalimu. Kama toto napita, hii silabasi nakwenda wilaya yote, na wewe napata darasa ya tano."

Mwalimu wa Ruiru alisimama kumshukuru, akasahau kuketi tena.

Jumamosi zilizofuata nilipanda treni kwenda Ruiru, pasi yangu mfukoni, kwa maana siku hizo za Hali ya Hatari Mkikuyu hakutoka Thika bila karatasi. Tulikaa kibarazani kwake tukitunga hesabu: za debe, za miche, za mistari ya mibuni. Mkewe alikuwa akipukuchua mahindi karibu nasi. Siku moja alisema, bila kuinua kichwa, "Mkiwauliza ya shamba, watawajibu ya shamba."

"Ndiyo ninayotaka, mama," mumewe akamwambia. Aliona amesifiwa. Nami niliona hivyo. Sisi wawili tulikuwa tumeitazama kahawa maisha yetu yote, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kuichuma msimu mzima.

Siku ya jaribio tulifika watatu: bwana wa elimu, mzee wa Thika na mimi. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta hadi magotini. Hesabu za debe walizimaliza upesi, na bwana wa elimu akawa anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha ikaja hii: watu kumi wanachuma shamba la kahawa kwa siku sita. Watu ishirini watalichuma kwa siku ngapi?

Karibu darasa zima liliandika siku sita.

Bwana wa elimu alidhani wameibiana. Akamwita mbele binti wa mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa amepata nyingine zote. "Wewe toto. Watu iko ishirini. Siku ngapi?"

"Sita, bwana."

"Kwa nini sita?"

Binti alimtazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Kahawa haiivi siku moja, bwana. Leo unachuma nyekundu, ile kijani unaiacha. Hata mkija watu mia, mtaketi muingojee."

Nyuma yake vichwa viliitikia. Mvulana mmoja akaongeza, "Na ukichuma ya kijani, nyapara anamwaga debe lako!"

Bwana wa elimu alimgeukia baba. "Mwalimu, wewe nafundisha hii?"

"Hapana, bwana. Amefundishwa na mama yake."

Mzungu alicheka, na kwa muda nilidhani tumeokoka. Lakini alishika penseli akapiga mstari. "Iko kweli. Lakini jibu ni tatu."

"Bwana, mwulize tena," mwalimu alisema. "Niruhusu nimwambie neno moja tu. Nimwambie asifikirie shamba."

"Hapana. Jaribu ni jaribu."

Binti alirudi kwenye dawati lake, bado haelewi alipokosea. Baba yake naye hakuweza kumwonyesha, kwa kuwa hakuwa amekosea.

Wazo la yule mwalimu lilikuwa jema, na hilo ndilo linaloniuma. Lilihitaji mwaka mmoja wa kusahihishwa, na mama mmoja wa kutusomea maswali kabla hatujayapeleka. Badala yake jaribio lilihesabiwa limeanguka, tukarudi kwenye meza yetu, na treni na mabirika yakaandikwa upya, kwa mwandiko wangu, katika silabasi tuliyoiita mpya. Watoto wa Ruiru walizipata hesabu hizo vizuri mno. Hakuna aliyekuwa ameliona birika la namna ile, kwa hiyo hawakuwa na la kubishana nalo.

Darasa la tano likaja, lakini lilichelewa kwa miaka. Lilipofunguliwa, nilikwenda Ruiru kuaga, maana nilikuwa nimeomba uhamisho. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kipya, chokaa haijakauka vizuri. Wachumaji walikuwa wakipita kwenda mistarini, na binti yake alikuwa miongoni mwao, sasa mrefu kumzidi mama yake, kikapu kiunoni.

"Njoo uketi," baba yake alimwita. "Dawati la mbele nimekuwekea."

Binti alisimama akachungulia ndani. Watoto walimtumbulia macho.

"Niketi na hawa, baba?" akasema huku akicheka. "Si wataniita mama!"

"Wakuite. Wewe keti."

"Nyapara ameshaniandika leo." Alikuwa bado anacheka, lakini alikitazama chumba chote, ukuta hadi ukuta, kabla ya kwenda zake. Mwalimu alinishika mkono kuniaga na hakuuachia upesi. Ndani watoto walikuwa wameanza kupiga kelele.