Vidole vya Mzee Eliufoo

Mume wangu Sifael ni mpiga picha hodari, ila kufuta picha hajui. Akirudi safari anakaa mbele ya kompyuta katika studio yetu hapa Same, nami namwambia, "Baba Blessing, futa zilizoharibika, mashine imejaa." Anaitikia vizuri kabisa. Kisha anafungua moja, anacheka peke yake, anaiacha palepale. Nampenda mwanamume huyu, lakini ananichosha.

Safari hii ilikuwa ndefu. Alianzia Bendera, akakaa Kihurio wakati wa mavuno ya mpunga, ndipo akapanda Bombo. Kote huko alibeba kitambaa chetu cha bluu, ili mtu asipigwe picha na banda la kuku nyuma yake. Upepo wa milimani hauna adabu, kwa hiyo lazima apatikane mtu wa kukishika. Anasimama nyuma ya kitambaa na kutanua mikono, haonekani ila vidole pande mbili. Vidole hivyo Sifael huvikata kabla ya kusafisha picha, huwezi kujua palikuwa na mtu.

Siku hiyo nilikuwa nimemnyang'anya kipanya, nachambua mwenyewe za kufutwa, alipoingia mama mmoja mtu mzima amejifunga kitenge cheusi. Sifael akasimama haraka.

"Shikamoo, mama Koleta! Umetoka Bombo leo? Mzee Eliufoo hajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Mzee tumemzika."

Tulimpa pole, nikamvutia kiti. Alikuwa amefuata jambo moja tu. Picha ya mumewe iliyobaki nyumbani ni ile ya kadi ya kupigia kura, na humo, alisema, amekaa kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Wajukuu watakua wakidhani babu yao alikuwa mkali. Nitazamie, labda alipita nyuma ya watu."

Sifael alijikuna shingo. Nilijua anatafuta namna ya kusema.

"Alikataa, mama. Nilimbembeleza sana. Akasema nikupige wewe, yeye atashika kitambaa."

Mama Koleta akainamisha kichwa. Roho iliniuma, nikatamani huyo mzee asingekuwa mbishi kiasi hicho.

"Basi nionyeshe hizo zangu," akasema.

Ya kwanza kufunguka ilikuwa mojawapo ya zile nilizotaka kufuta. Kitambaa kimepinda, vidole viko nje, na mama Koleta hakutazama kamera: amegeuza uso pembeni, anacheka meno yote nje. Akasogea karibu na kioo, akagusa kidole gumba kilichokunjika upande wa kulia.

"Hicho alikikata kwa panga kwenye migomba, mwaka tuliooana," akasema. Kisha akacheka, machozi yakimtoka. "Alikuwa ananinong'oneza huko nyuma, 'Simama vizuri, bibi harusi.' Na uzee huu!"

Nililia na mimi, sioni haya kusema. Ningebonyeza kitufe kimoja tu, ingekuwa imepotea.

"Nakusafishia hii, mama, kubwa," Sifael akasema. Kwa mazoea akaanza kuvuta mstari wa kukatia pembeni, sawasawa na afanyavyo kwa kila mtu.

Mama Koleta akamdaka mkono.

"Usinikatie mume wangu."