Kopo la Uvunguni

Juzi mjukuu wangu aliweka kopo lenye maharage uvunguni mwa kitanda changu, eti kazi ya shule. Ile harufu ya udongo mbichi ilinirudisha Temeke, darasa la tatu.

Mwalimu alituambia tupande maharage kwenye makopo mawili, moja likae juani, jingine gizani, kisha tuje kueleza tulichokiona. Siku ya kueleza ilipofika, miche ya gizani ya wenzangu ilikuwa imepauka, imelegea kama tambi. Wa kwangu, niliouweka uvunguni, ulikuwa kijani kibichi, umesimama.

"Maharage hayahitaji jua," nikatangaza.

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Mchana nyumbani kwenu anabaki nani?"

"Bibi, mwalimu."

Akatabasamu, akaniwekea vema kwenye daftari. Nikajiona mtaalamu. Nilipomsimulia bibi, aliendelea kupepeta mchele wake.

Nilikuja kumuuliza ukubwani kuhusu lile kopo.

"Kiumbe cha Mungu kifungiwe gizani, kimekosa nini?" alinijibu.

Leo asubuhi mjukuu alipokwenda shule, niliinama uvunguni. Kopo liko barazani, linaota jua. Nitalirudisha kabla hajarudi.