Kuchomoa Kabla ya Radi

Kwetu Kisii na Nyamira, radi ni kama jirani mkorofi ambaye saa yake ya kupita inajulikana. Baada ya chakula cha mchana, mawingu yakianza kupanda kutoka upande wa ziwa, watu huanza kuchomoa. Televisheni, friji, redio, chaja ya simu. Kioo kinageuzwa kitazame ukuta. Aliyevaa nguo nyekundu anaambiwa aivue au akae mbali na wenzake. Nimekulia hayo. Nimekuwa nikichomoa nyaya tangu mkono wangu ulipoanza kufika kwenye soketi, kwa hiyo sina kisingizio katika haya ninayoyaandika.

Shule niliiacha kidato cha pili. Watu hudhani ni karo, na mimi huwaacha wadhani hivyo, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kukaa. Kila kitu kilichokuwa na skurubu kiliniita. Nilianza na redio ya babu, nikaenda kwenye simu, paneli za sola, halafu kompyuta. Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, niliipata kwenye diski iliyotupwa nyuma ya ofisi moja mjini Nyamira, nikaisoma jinsi bibi yangu alivyokuwa akisoma Biblia: kuanzia mwanzo, kila siku, bila kuelewa nusu yake. Na nina ugonjwa mwingine. Kitu nikishakitengeneza kikawaka, hamu yangu huisha papo hapo, nikafunga begi.

Ndivyo nilivyofanya Birongo.

Juu kidogo ya soko la pale kuna zahanati ya misheni. Wageni fulani walikuwa wameiachia kifaa cha kupigia picha ya mtoto akiwa bado tumboni, kidude cha kutosha kiganja chenye waya mrefu wa USB. Huchomekwa kwenye laptopu, na picha hutokea kwenye skrini. Laptopu yenyewe ilikuwa imeliwa na virusi. Zahanati ndiyo iliyokuwa na printa pekee hapo karibu, na kila aliyefiwa alikuja na flashi yake kuchapisha ratiba ya mazishi. Kila flashi ilileta magonjwa yake.

Niliifuta laptopu yote, nikaweka Linux. Lakini programu ya kile kifaa ilikubali Windows tu. Basi nikatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, mashine pepe yenye Windows, ikiishi ndani ya Linux kama mpangaji ndani ya nyumba ya mtu. Mpangaji haoni kinachofika mlangoni mpaka mwenye nyumba ampe. Kwa hiyo niliandika amri ya kumwambia mwenye nyumba: kifaa fulani kikifika, kipitishe chumba cha ndani. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, jua kali. Muuguzi mkuu, mama wa makamo kutoka upande wa ziwa ambaye kila mtu alimwita Sista, alijipaka jeli ya kupigia picha tumboni mwake mwenyewe, tukatazama ini lake na kucheka. Mchana sikuwepo tena. Wiki hiyohiyo nilibadilisha laini ya simu.

Zaidi ya wiki mbili baadaye nilikuwa Itumbe, karibu na kiwanda cha chai, nimefungua amplifaya ya kanisa, mara bodaboda ikasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye fundi wa kompyuta ya Birongo?"

"Inategemea."

"Haitegemei kitu. Sista amesema nisirudi bila wewe. Hiyo simu unabeba ya nini kama haishiki?"

Tulifika kabla ya saa sita. Kwenye benchi nje ya chumba cha Sista alikuwa ameketi mwanamke kijana, mikono imezunguka tumbo lake, macho yametulia ukutani. Kando yake alikuwa mama mkwe wake, shuka mabegani, akimwangalia kila aliyepita kana kwamba amekuja kumwibia.

Sista alinivuta ndani, akafunga mlango. "Ana mimba ya miezi minane. Mtoto hajacheza tangu jana jioni. Nimesikiliza kwa hii." Akaninyooshea ile pembe ya mbao ambayo wakunga huwekea sikio. "Nasikia kitu. Lakini sijui kama ni moyo wa mtoto au ni damu ya mama mwenyewe."

"Si umpeleke hospitali kubwa Kisii?"

"Mama mkwe amekataa. Anasema mkamwana wake hatakatwa kwa sababu ya pembe. Na mimi nikimtuma bila picha atawekwa kwenye benchi kama hii, ila ndefu zaidi. Nikiuona moyo unapiga, napiga simu, wanaandaa chumba cha upasuaji akiwa bado njiani. Nikiona haupigi…" Aliiweka pembe mezani. "Basi hakuna haraka tena. Atajifungulia hapa. Nionyeshe moyo, fundi."

"Mashine ilikufa lini?"

"Jumanne. Siku moja baada ya wewe kuondoka."

Nilikaa. Nilizima laptopu na kuiwasha, kwa sababu ndiyo sala ya kwanza ya kila fundi. Nikawasha mashine pepe. Windows ikaja vizuri, programu ikafunguka, ikaandika kwamba hakuna kifaa. Nikarudi kwa Linux, nikaomba orodha ya vyote vilivyochomekwa. Printa ilikuwepo, kipanya kilikuwepo, na kile kifaa pia kilikuwepo, jina la kiwanda kilichokitengeneza likisomeka wazi. Mwenye nyumba alikiona. Hakutaka kukipitisha.

Nilianza na ruhusa. Linux haimpi mtu yeyote kifaa mpaka awe katika kundi linalokubaliwa. Nikakagua: kundi lilikuwa sawa. Nikaongeza kanuni ya kukiachia kifaa wazi kabisa, nikawasha upya mashine pepe. Dakika nne za kusubiri. Hakuna kifaa. Nikashuku aina ya mlango wa USB ndani ya mashine pepe, pengine mpya mno kwa kifaa cha zamani. Nikabadilisha. Dakika nyingine nne. Hakuna kifaa. Wala hakukuwa na kosa lililoandikwa popote. Mashine iliwaka bila lalamiko, kama mtu anayekukubalia kila unachosema na hafanyi lolote.

Mlango ulifunguka kidogo. Mama mkwe. "Omomura," aliniambia, yaani wewe kijana, "hiyo mashine yako inaweza kuona mtu aliye ndani?"

"Inaweza, mama."

"Lakini sasa haioni."

"Sasa haioni."

"Basi wewe na mashine yako hamna tofauti na mimi," alisema, akafunga mlango.

Dirishani, migomba ilikuwa imesimama tuli. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limepanda, chini jeusi, juu jeupe kama povu, na joto lilikuwa limeongezeka jinsi linavyoongezeka kabla ya mvua ya mawe. Sista alitoka na pembe yake, akarudi. Sikumwuliza. Alisema mwenyewe, "Bado kuna kitu. Kimepungua."

Vidole vyangu vilianza kukosea herufi. Ndipo ngurumo ya kwanza ilipopita, mbali, kama lori la chai likivuka daraja la mbao. Kabla haijaisha, mlango ulisukumwa akaingia mama anayefagia zahanati, mwanamke mrefu mwenye haraka. Hakunisalimia. Alichomoa chaja, akachomoa printa, kipanya, kisha kile kifaa, vyote kwa mkono mmoja, kama mtu anayeng'oa magugu.

"Mama! Ninafanya kazi!"

"Fanya. Lakini si na umeme. Unataka tuungue? Shuleni kule juu radi ilipiga watu wakiwa madarasani."

"Rudisha, tafadhali. Huu mmoja tu. Laptopu ina betri."

Alisonya, akauchukua ule waya, akauchomeka. Niliomba orodha tena ili nihakikishe kifaa kimerudi. Kilikuwepo. Jina lilelile. Lakini safari hii jicho langu lilianguka mwanzoni mwa mstari, mahali ambapo siku zote napita bila kusoma. Kifaa cha sita. Dakika chache kabla, kwenye orodha ya awali, juu kidogo kwenye skrini, kilikuwa kifaa cha tano.

Nikafungua amri niliyoandika Jumatatu ile yenye jua. Nilikuwa nimeandika: kifaa cha tatu.

Hiyo nambari ni kama karatasi ya foleni pale mlangoni pa zahanati. Unapewa ukifika, ukitoka na kurudi unapewa nyingine. Mimi nilikuwa nimemwambia mwenye nyumba ampitishe namba tatu, na namba tatu hakuwepo tena tangu Jumanne. Mwenye nyumba alikuwa anangoja kwa uaminifu mtu asiyekuja.

"Mama," nilimwuliza mfagiaji, "huwa unachomoa mara ngapi?"

"Kila siku. Kwani wewe ni wa wapi?"

"Na ukirudisha, unarudisha kwenye tundu lilelile?"

Alinitazama kwa huruma. "Tundu ni tundu."

Kila kifaa kina nambari nyingine mbili, ya kiwanda na ya aina yake, zilizochorwa ndani yake tangu kutengenezwa. Hizo hazibadiliki hata ukikichomeka Birongo au mwisho wa dunia. Nilifuta namba tatu, nikaandika hizo mbili. Nikazisoma kwa sauti mara mbili. Betri ilikuwa inakaribia mwisho, kwa maana ilikuwa kuukuu na chaja imelala sakafuni. Ngurumo ya pili ikaja, na hii haikuwa mbali. Taa ya dari ikazimika yenyewe, na sokoni watu wakapiga kelele ya pamoja, kama wanavyofanya stima ikipotea.

Nikawasha mashine pepe. Dakika nne ni ndefu. Mfagiaji alisimama kando ya ule waya, mkono tayari, akisema chini kwa chini, "Ee Nyasae, ee Nyasae," akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani. Nadhani alitaka kuchomoa kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hakuchomoa.

Windows ikalia ile sauti yake ndogo ya kupokea kifaa.

"Sista!"

Mwanamke aliingizwa, akalazwa. Mama mkwe aliingia bila kuulizwa na hakuna aliyemzuia. Skrini ilikuwa nyeusi, kisha kijivu, kisha kikatokea kichwa, mviringo mweupe, na mifupa ya mgongo kama ushanga. Sista aliusogeza mkono wake polepole. Akausimamisha. Katikati ya kijivu kulikuwa na kitu kidogo kilichofunga na kufunguka.

"Huyo ndiye?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiye."

Sista aliinua saa yake, akahesabu, midomo ikicheza. Nilimwona akifika mwisho na uso wake ukabadilika. "Unapiga. Lakini unapiga kama mtu aliyechoka kutembea. Na maji yanayomzunguka yamebaki kidogo sana." Alikuwa tayari na simu sikioni. "Ndiyo, daktari. Nimeuona kwa macho. Ndiyo, sasa hivi."

Mama mkwe hakukataa tena kisu. Alivua shuka lake, akamfunika mkamwana wake mabega. Mwalimu mmoja wa jirani alikuwa na gari. Waliingia, na mawe ya kwanza yalianguka juu ya paa la gari kabla halijafika barabarani. Mfagiaji alivuta waya. Skrini ilizimika karibu wakati uleule.

Mvua ile ilikata mtandao wa simu. Tulikaa gizani mchana, mimi, Sista na mfagiaji, tukisikiliza mawe juu ya mabati, na majani ya chai yakichanika mashambani. Sikuondoka siku hiyo. Asubuhi simu ya Sista iliita, naye akasikiliza amesimama wima. Walimtoa mtoto jana ileile alasiri, kwa upasuaji. Msichana. Mdogo, yuko kwenye kitanda cha joto, anapumua kwa kusaidiwa. Mama yake ameomba uji.

Niliketi. Sista hakuketi. Alileta rejista, akaifungua kwenye ukurasa wa wiki iliyopita, akaweka kidole kwenye jina moja. Mstari wake uliishia mapema kuliko mingine.

"Huyu alikuja Alhamisi. Nilimsikiliza kwa pembe, nikamwambia aende nyumbani. Mtoto alizaliwa amekufa."

"Mashine ingemwona?"

"Mimi sijui," alisema. "Na wewe hujui. Usiniulize tena."

Akafunga rejista, akaenda kuwaita wagonjwa wa asubuhi. Jua lilikuwa linawaka. Nilimtafuta yule mama anayefagia, nikamwomba aje achomoe kila kitu na kurudisha kwenye tundu lolote apendalo. Alifikiri namtania. Akachomoa, akarudisha. Kifaa kilionekana. Nikamwomba tena. Tulifanya hivyo mara kumi na mbili, yeye akichomoa na mimi nikitazama skrini, mpaka akaniuliza kama leo sina safari.