Jina Ambalo Mkwe Wangu Hakulitaja

Mke wa mwanangu ni mwalimu hapa Hirbadaw. Aliomba nafasi kwenye semina ya fasihi ya walimu, ile ya likizo ya Juni, akaitamani mpaka usingizi ukamkimbia. Siku ya usaili simu ikalia, akaweka spika. Mama mmoja wa semina, sauti ya puani: "Mwaalimu, taja majina yako yote matatu."

Akataja mawili, akaishia hapo. La tatu, alilochukua alipoolewa, ni la baba mkwe wake, marehemu mume wangu. Kwetu Wabarbaig mke wa mtoto halitaji kamwe.

"Haloo? Mwaalimu hujui jina lako?"

Nikainyakua simu. "Analijua sana! Ni la baba mkwe, halitamkwi. Hata neno linalofanana nalo wanawake tunaliacha, tunasema lingine."

"Lingine lipi? Hebu mrudishie simu."

Weee, akafunguka! Akaeleza hayo maneno yetu na nyimbo tunazoimba nayo, mpaka maziwa yakafurika jikoni. Yule mama: "Mwaalimu, hiyo ndiyo fasihi. Njoo Juni, nafasi ni yako."

Nikapiga vigelegele, ndama wakatimka. Mwanangu, aliyezoea mkewe akamue ng'ombe, akalalamika: "Sasa nani atakamua?"

"Saasa naani atakamuaa?" nikamwiga, majirani wakacheka. "Wewe, baba. Shika kibuyu!"